Kuvu za Mbao (Bukoba na Muleba)

Kuvu za mbao hujilisha kwa kuozesha magogo, visiki na mizizi. Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, mvua nyingi za magharibi mwa Ziwa Victoria huzistawisha.

Miti inapopunguzwa, visiki na matawi yaliyoachwa huzipatia chakula kipya. Jua linalopenya hukausha vijiti vyembamba, hivyo magogo manene ndiyo makazi bora na yafaa kuachwa msituni.

Visiki vina hatari moja kubwa: Armillaria, kuvu inayotoka kwenye mizizi iliyokufa na kushambulia mimea hai, ikiwemo michai. Katika mashamba ya chai ya Afrika Mashariki, gome hubanduliwa kuzunguka shina muda mrefu kabla ya mti kukatwa, ili wanga uishe mizizini na kuvu ikose chakula. Ni mbinu nafuu, isiyohitaji dawa yoyote.

Mbolea nayo ina athari kwa kuvu za mbao. Nitrojeni nyingi mara nyingi hupunguza kasi ya kuvu kuvunja lignini, kiungo kinachoimarisha mbao. Majivu hupunguza asidi ya udongo na kubadili mchanganyiko wa kuvu. Kwenye kibanja (shamba la nyumbani) cha Wahaya, mbolea ni samadi na nyasi za rweya (mbuga ya nyasi), ambazo hulisha migomba na mibuni. Kisiki kilichoshambuliwa na Armillaria karibu na mimea hiyo king'olewe pamoja na mizizi yake.