Spika katika simu za kutelezesha

Spika katika simu za kutelezesha ni spika ndogo zinazofungwa ndani ya simu za mkononi ambazo kipande cha juu, chenye kioo, huteleza juu ya kipande cha chini chenye vitufe. Siemens SL10 ya mwaka 1999 ni miongoni mwa simu za kwanza za aina hiyo.

Spika ya sikioni hukaa kipande cha juu, ingawa ni chembamba, kwa kuwa ndicho kinachogusa sikio. Spika ya mlio na muziki hudai nafasi zaidi. Utando wake unapotetema husukuma hewa mbele na nyuma. Mawimbi hayo yakikutana hufutana, hasa yale ya besi. Kwa hiyo nyuma yake hutengwa kichumba kilichozibwa. Kichumba kikiwa kidogo besi hupotea, ndiyo maana simu hizi hulia kwa sauti nyembamba hata zikifunguliwa hadi mwisho. Tundu la spika nalo lazima liwe mahali ambapo kioo hakilizibi kinapoteleza. Kioo cha Nokia N95 (2007) kiliteleza pande mbili, na bado simu hiyo ilikuwa na spika mbili za stereo.

Umeme wa spika ya sikioni hupita katika waya bapa unaojikunja kila simu inapofunguliwa. Waya huo ukichakaa, sauti inaweza kukatika simu ikiwa wazi na kurudi ikifungwa. Mwenye simu hudhani spika imekufa, kumbe ni nzima.