Mashine ya Moyo na Mapafu, 1953–1955: Kutoka Fanikio Moja hadi Tiba

Historia ya mashine ya moyo na mapafu imezoeleka kusimuliwa kana kwamba ilikamilika tarehe 6 Mei 1953. Siku hiyo, mjini Philadelphia, John H. Gibbon aliziba tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba vya juu vya moyo wa msichana wa miaka 18. Kwa dakika 26 uhai wa msichana huyo ulitegemea mashine pekee, naye akapona. Tukio hilo lina heshima yake, lakini kuliita mwanzo wa tiba ni kuruka sehemu nzito zaidi ya historia yenyewe.

Gibbon alikuwa ameishughulikia fikra hiyo kwa takriban miaka ishirini. Majaribio ya awali juu ya paka aliyafanya pamoja na mkewe, Mary, mtaalamu wa maabara ambaye simulizi nyingi humtaja kwa kupita tu. Kazi ya mashine ni rahisi kuieleza: hupokea damu ya vena, huitia oksijeni, kisha huisukuma katika ateri. Ugumu ulikuwa katika damu yenyewe. Ikigusa mpira au kioo huganda, ndiyo maana jambo lote lilitegemea heparini, dawa ya kuzuia mgando iliyogunduliwa mwaka 1916. Ikichanganyika na hewa hutoa povu, na kiputo kikifika ubongoni huweza kuua. Kwa msaada wa wahandisi wa IBM, Gibbon aliiteremsha damu kama utando mwembamba juu ya nyavu za chuma, ikutane na oksijeni bila kutoa povu.

Hata hivyo, kati ya wagonjwa wake wanne ni huyo mmoja tu aliyepona. Wa kwanza, mtoto wa miezi 15, alifariki mwaka 1952: tundu lililotarajiwa moyoni halikuwapo, na uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa kasoro ilikuwa katika mshipa ulio nje ya moyo. Watoto wengine wawili walifariki Julai 1953. Gibbon alisitisha upasuaji huo, wala hakuurudia. Vifo hivyo haviwezi kubebeshwa mashine peke yake; elimu ya kutambua kasoro za moyo kabla ya kupasua ilikuwa bado nyuma yake.

Tiba ilijengwa Minnesota. Kuanzia Machi 1954, C. Walton Lillehei wa Minneapolis aliiacha mashine kabisa na kuuunganisha mwili wa mtoto na wa mtu mzima, kwa kawaida mzazi, ambaye moyo na mapafu yake yalifanya kazi kwa ajili ya wote wawili. Kati ya wagonjwa 45, 28 walitoka hospitalini wakiwa hai, ingawa kila upasuaji uliweka rehani maisha ya watu wawili. Mwaka 1955, John Kirklin wa Mayo Clinic alitumia mashine ya Gibbon iliyoboreshwa; kati ya wagonjwa wanane wa mwanzo, wanne walipona. Mwaka huohuo, Lillehei na Richard DeWall walileta kifaa cha mipira ya plastiki, cha bei nafuu, kilichopitisha viputo vya oksijeni ndani ya damu na kuviondoa kabla haijarudi mwilini. Povu alilolikwepa Gibbon kwa miaka mingi ndilo lililoziwezesha hospitali nyingi kumudu upasuaji wa moyo uliofunguliwa.