Chumba cha Pampu: Jinsi Ufundi wa Matrekta Ulivyorithishwa Mashariki mwa Uganda

Historia ya kilimo cha kisasa katika nchi zetu huandikwa kwa kuhesabu matrekta. Tunasoma yaliletwa mangapi, mwaka gani, kwa mkopo wa nani, na baadaye tunasoma kwamba yaliharibika. Kati ya kuletwa na kuharibika kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka, nalo ni mafundi. Nani alijua kuyatengeneza matrekta hayo? Alijifunza kwa nani? Na alifichwa nini? Katika insha hii ninadai kwamba maisha ya trekta hutegemea zaidi namna ufundi unavyopita kutoka mkono hadi mkono kuliko idadi ya mashine zilizonunuliwa. Mfano wangu unatoka mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, na sehemu yake moja niliishuhudia mwenyewe.

Mwezi wa Machi 2020 nilikuwa kidato cha tatu shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Zilifunguliwa kidogo, zikafungwa tena, na wengi wetu hatukurudi darasani kikamilifu hadi Januari 2022. Baba hakutaka nikae bure. Alinipeleka kwa kaka yake bibi, ambaye ana gereji ya matrekta kando ya barabara inayotoka Tororo kwenda Busia. Wateja humwita Mzee. Mimi humwita Babu. Lugha ya gereji ile ni Kiswahili, kwa kuwa wanakuja Wasamia, Waiteso, Wasoga na madereva kutoka ng'ambo ya mpaka, na hakuna lugha nyingine inayowatosha wote.

Miezi miwili ya mwanzo sikushika injini. Niliosha vyuma kwa mafuta ya taa, nikajifunza kumpa Babu spana kabla hajataja namba. Baadaye akanifundisha kutoa hewa. Trekta likiishiwa dizeli shambani, hewa huingia kwenye mirija, na injini haiwaki hata betri ikiwa nzima. Unalegeza skrubu iliyo juu ya filta, unapiga pampu ndogo kwa kidole mpaka povu likome na dizeli itoke safi, kisha unakaza. Unafanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa ya dizeli, na mwisho kwenye nati za nozo. Baada ya hapo nilifundishwa kusoma moshi: mweusi, dizeli ni nyingi au hewa ni haba, wa buluu, injini inakula oili, mweupe, dizeli inatoka bila kuungua. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi ndiyo iliyokufa. Trekta tuliloliona zaidi lilikuwa Massey Ferguson 135, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Ili kujua silinda gani haifanyi kazi, unalegeza nati ya bomba moja la nozo injini ikiwa inanguruma. Sauti ikibadilika, hiyo ni nzima. Isipobadilika, umempata mgonjwa.

Kazi moja tu hatukuonyeshwa. Pampu kubwa ya dizeli ilipotolewa, Babu aliingia nayo katika chumba kidogo nyuma ya gereji na kufunga mlango. Mimi na kijana mwenzangu tuliyekuwa tukijifunza naye tulitumwa kununua chai. Tuliporudi, pampu ilikuwa imeshafungwa. Sikuelewa maana ya mlango ule mpaka nilipoanza kumwuliza Babu yeye alijifunzia wapi.

Ili kumwelewa, inabidi turudi nyuma. Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, iliwaleta Afrika Mashariki wafanyakazi Wahindi wapatao 32,000. Wengi walirudi kwao, lakini maelfu walibaki, na wengine waliwafuata kwa biashara na ufundi. Mwaka 1924 Nanji Kalidas Mehta alifungua kiwanda cha sukari Lugazi. Mwaka 1930 kilianza kiwanda cha Kakira cha Muljibhai Madhvani, karibu na Jinja. Shamba la miwa la ukubwa huo halikuweza kusubiri fundi atoke mbali. Lilihitaji karakana yake, yenye wachomeleaji, wachongaji vyuma na mafundi wa injini. Hivyo karakana za miwa zikawa shule za ufundi ambazo hazikuwa na ubao wala vyeti.

Kwamba trekta bila fundi ni chuma tu, jambo hilo lilikwisha kuonekana kwa jirani zetu wa Tanganyika. Mwaka 1947 Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga, na Kongwa ndiko ulikoanzia. Matrekta mengi yalikuwa makuukuu yaliyobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na hata vifaru viligeuzwa kuwa mashine za kusafisha pori. Ardhi ya Kongwa ilipokauka ikawa ngumu kama saruji, mashine zikavunjika, na spea pamoja na mafundi wenye uzoefu havikutosha. Mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya kugharimu pauni milioni 36 hivi. Waliolengwa kupata karanga hawakuzipata, lakini Waafrika wengi walitoka pale wakijua kuendesha na kutengeneza mashine. Somo hilo halikuwamo katika mpango.

Uganda huru nayo ilipenda matrekta. Katika miaka ya 1960 serikali ya Milton Obote ilianzisha mashamba ya vikundi yaliyolimwa kwa mashine, na kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti kikajengwa chuo cha mashine za kilimo huko Busitema, ambacho tangu 2007 ni chuo kikuu. Kwa hiyo kulikuwa na njia mbili za kuingia katika ufundi. Moja ilipitia darasani, na wachache waliipata. Nyingine ilipitia karakana, na ndiyo aliyoifuata Babu.

Mwaka 1967, akiwa na miaka 17, Babu aliajiriwa kuosha vyuma katika karakana ya shamba moja la miwa huko Busoga. Mkubwa wake alikuwa Kalasinga mmoja aliyezaliwa Kisumu. Babu anamsifu mpaka leo. Ni yeye aliyemfundisha kusikiliza injini kwa kuweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni. Ni yeye aliyemkataza kukaza bolti za hedi kwa mfuatano, akamwonyesha kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, ili hedi isipinde. Lakini karakana ilikuwa na chumba chenye mashine ya kupimia pampu za dizeli, yenye vioo vya kuonyesha kila silinda inapata dizeli kiasi gani. Katika chumba hicho waliingia Kalasinga na mpwa wake peke yao.

Ni rahisi kusema huu ulikuwa ubaguzi, na kwa sehemu ni kweli. Uchumi wa kikoloni ulipanga watu kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mishahara ilifuata mpango huo hata baada ya bendera kubadilishwa. Lakini jibu hilo halitoshi. Kalasinga naye alikuwa mwajiriwa. Hakuwa na shamba wala duka. Alichokuwa nacho ni kujua jambo ambalo wengine hawalijui, na alikuwa akimwekea mpwa wake. Mafundi wa mahali pengi duniani wamefanya hivyo. Siri ya kazi ndiyo iliyokuwa akiba yao ya uzeeni.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, kisha wakapewa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka kabla ya tarehe 8 Novemba. Historia ya tukio hili huzungumzia zaidi maduka, nyumba na viwanda vilivyogawiwa watu wengine. Hao waliogawiwa mali wakaitwa mafutamingi. Mwalimu wetu wa sarufi angesahihisha haraka: mafuta mengi. Lakini jina lilishika jinsi lilivyo, na nadhani kosa lenyewe ni ushahidi. Kiswahili hicho kilikuwa cha kambi za jeshi na cha barabarani, na ndicho kilichobeba maneno ya enzi ile, pamoja na neno magendo, ambalo kila Mganda wa rika la Babu analijua hata kama hajui neno jingine la Kiswahili.

Mafutamingi aliweza kurithi karakana, lakini hakuweza kurithi kilichokuwa kichwani mwa fundi. Babu anasimulia kwamba asubuhi ya kwanza baada ya Kalasinga kuondoka, walikuta funguo za chumba cha pampu zimening'inizwa mlangoni. Waliingia. Mashine ilikuwepo, vioo vilikuwepo, na hapakuwa na mtu aliyejua kuisoma. "Alituachia mlango wazi," Babu aliniambia, "lakini hakutuachia kilichokuwa ndani."

Kilichofuata kinaeleweka kwa fundi yeyote. Pampu ya aina ile hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa au maji, vyuma vya ndani husagana. Katika miaka ya magendo, dizeli safi ilikuwa haba na iliyopatikana ilichanganywa. Waagizaji wa spea walikuwa wameondoka, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Kwa hiyo pampu zilikufa kwanza, na ziliuawa na mambo mawili kwa pamoja: mafuta machafu na maarifa yaliyofichwa. Matrekta yalisimama huku injini zake zikiwa nzima. Sukari, ambayo Uganda ilikuwa ikijitosheleza, ikawa bidhaa ya kupangiwa foleni, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 viwanda vyetu vikubwa vilikuwa vimesimama au karibu kusimama.

Babu alirudi Busia na masanduku mawili ya spana. Kwa miaka kadhaa aliishi kwa kuchukua vyuma vya matrekta matatu mabovu na kufufua moja. Pampu mbovu alizifungua usiku, akaharibu kadhaa, akachora alama kwa msumari, mpaka akajua jinsi zinavyofungwa na alama ipi hukutana na ipi. Ilimchukua, kwa hesabu yake, miaka sita kujua jambo ambalo angeonyeshwa kwa wiki mbili.

Nilipoisikia habari hii ndipo nilipomwuliza swali lililonisumbua: "Babu, kama uliumia hivyo, mbona na wewe unatufungia mlango?" Alikaa kimya. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, wewe una shule ya kurudia. Huyu mwenzako akijua pampu leo, kesho anafungua gereji mbele ya yangu. Mimi nitakula nini?" Sikuwa na jibu. Alikuwa anasema maneno ambayo Kalasinga angeweza kuyasema mwaka 1967.

Januari 2022 nilirudi shuleni. Mwenzangu hakurudi, ada ilikuwa imeshindikana. Mwaka uliofuata Babu alianza kuugua mtoto wa jicho, na alama ndogo za pampu zikawa hazionekani. Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, kwa sababu alihitaji macho ya mtu mwingine. Nilipokwenda likizo ya Desemba, nilimkuta mwenzangu ameketi kwenye benchi ndani ya chumba kile, pampu imefunguliwa mbele yake juu ya kitambaa cheupe, na Babu amesimama nyuma yake akigusa kila chuma kwa kidole na kukitaja jina. Nilipewa daftari nichore. Tulifanya kazi siku nne. Baadhi ya vyuma havikuwa na jina tulilolijua sote, kwa hiyo tuliandika alilotumia Babu.

Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari. Nakubali, lakini nimeona pia kwamba daftari peke yake halitoshi. Lile nililochora mimi siwezi kulitumia. Nikipewa pampu leo nitaiharibu. Mwenzangu, ambaye hana cheti hata kimoja, huifunga na trekta likawaka. Hata yeye bado hupeleka pampu mjini kwa mwenye mashine ya kupimia, na huko, ananiambia, hupokelewa dirishani na kuambiwa asubiri nje.

Kutokana na hayo ninahitimisha mambo mawili. La kwanza ni la wanahistoria: tukitaka kujua kwa nini kilimo cha mashine kilianguka katika miaka ya 1970, tusitazame siasa na fedha peke yake. Tuulize katika kila karakana nani aliruhusiwa kuona nini. Waliofukuzwa walionewa, na nchi ilipoteza. Lakini hasara ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu ujuzi ulikuwa umefungiwa kabla hawajafukuzwa. La pili ni letu wanafunzi wa Kiswahili. Maneno fundi, kufunda, kufundisha na mwanafunzi yana mzizi mmoja. Lugha iliona zamani kwamba anayejua kazi na anayefunza kazi ni mtu yuleyule. Babu alichelewa kuwa fundi kwa maana hiyo kamili, naye anakiri. Anapofika mteja sasa na kuuliza fundi wa pampu ni nani, Babu hunyoosha mkono kumwonyesha mwenzangu.