Somo la Historia: Madaktari wa Ndege na Titi Lililobanwa

Leo somo letu la historia ni juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Ni habari za titi la mwanamke ambalo halikukua kwa umbo la kawaida, na habari za waganga waliotafuta njia ya kulitengeneza. Akina baba, msitoke darasani. Mna mabinti, mna dada, mna wake. Na maneno mengi yanayowaumiza wanawake wa namna hii hutoka vinywani mwenu.

Kwanza tujue tunasema juu ya nini. Chukueni mfuko wa kitambaa laini. Uzungushieni kamba ya katani katikati, ikazeni, kisha jaribuni kuujaza mahindi. Je, mfuko utatanuka? La, kamba inauzuia. Mahindi yatapenya katika nafasi ile nyembamba na kutuna upande wa pili. Ndivyo lilivyo titi lililobanwa. Ndani yake mna nyuzi ngumu za mwili zilizofanya kama pete. Titi linapoanza kukua, pete hiyo hailiachi litanuke kwa upana wala kujaa upande wa chini. Basi nyama yake husukumwa mbele, ikatokeza penye weusi unaozunguka chuchu, na weusi huo ukawa mpana kupita kiasi. Mara nyingi titi moja huwa dogo kuliko la pili.

Binti huzaliwa na hali hii, lakini haionekani mpaka karibu na wakati wa kuvunja ungo. Hapo ndipo taabu inapoanza. Katika sehemu zetu, kwa Wakaguru na Waluguru, mwali alikuwa akiwekwa ndani na kufundishwa na wanawake wazima, na mwili wake haukuwa siri mbele yao. Alipoonekana hakukua kama wenzake, ilikuwa rahisi kutafuta mtu wa kumlaumu: mama alikosa mwiko, jirani ana kijicho, au binti mwenyewe ana tabia mbaya. Hakuna hata moja lililo kweli katika hayo. Hali hii haiambukizi, haitokani na uchawi, wala haitokani na kushikwa na wavulana.

Sasa tuingie katika historia yenyewe.

Wakati wa vita kuu ya pili, marubani wengi wa Uingereza waliungua vibaya nyuso na mikono ndege zao ziliposhika moto. Walipelekwa katika mji wa East Grinstead, kwa daktari mmoja mzaliwa wa New Zealand, jina lake Archibald McIndoe. Kazi yake ilikuwa kuwatengenezea watu hao pua, kope na midomo mipya. Alikata kipande cha ngozi, lakini hakukitenga na mwili mara moja. Aliacha upande mmoja umeshikamana ili damu iendelee kupita, na upande wa pili akaushonea mahali penye jeraha. Kipande kilipokwisha kushika na kupata damu mahali pale papya, ndipo alipokata upande ule wa kwanza. Likumbukeni jambo hili la damu, maana tutalikuta tena mbele.

McIndoe hakutengeneza ngozi tu. Aliwataka wagonjwa wake watoke nje, waende mjini, wakae na watu. Mwaka 1941 wagonjwa hao waliunda chama chao wenyewe. Alijua kwamba mtu anayetazamwa kwa kustaajabiwa kila siku ana jeraha la pili, nalo haliponi kwa kisu.

Baada ya vita madaktari vijana walikwenda kujifunza kwake. Mmoja alikuwa Michael Wood, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Afrika ya Mashariki. Mwingine alikuwa Mmarekani, Thomas Rees. McIndoe mwenyewe alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na huko ndiko watu hawa watatu walikokutana na kufikiri. Waliona watu walioungua, watu walioumizwa na wanyama, na watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka, wote wakikaa mbali mno na daktari wa kupasua. Nchi ni kubwa, barabara ni mbaya, na wakati wa masika hazipitiki. Wakakata shauri kwamba ikiwa mgonjwa hawezi kumfikia daktari, basi daktari amwendee mgonjwa kwa ndege. Hivyo mwaka 1957 wakaanzisha shirika ambalo leo linaitwa Amref, lenye makao yake makuu Nairobi. Katika miaka ya 1960 hospitali za misheni zilizokuwa mbali zilianza kuunganishwa na Nairobi kwa simu ya upepo. Daktari aliyekuwa peke yake porini aliweza kuuliza shauri, na ikihitajika, ndege ikaja.

McIndoe alifariki mwaka 1960. Wood aliendelea na kazi hapa hapa Afrika ya Mashariki mpaka alipofariki mwaka 1987. Rees alikuwa na makazi mawili ya moyo: alirudi mara kwa mara Afrika, na huko New York akawa daktari mashuhuri wa kurekebisha maumbo ya watu. Mwaka 2002 alitoa kitabu juu ya kazi yake ya kuruka na madaktari wa ndege, akakiita kwa neno la Kiswahili, "Daktari". Alifariki mwaka 2013.

Ni huyu Rees ambaye, mwaka 1976, pamoja na mwenzake Sherrell Aston, aliandika katika jarida la waganga habari za titi lililobanwa. Wakalipa jina, yaani titi lenye umbo la mzizi wa mmea, kama kiazi. Kwa kweli jina hilo si zuri. Mwanamke gani atafurahi kuambiwa ana kiazi kifuani? Lakini faida yake ilikuwa kubwa. Jambo lisilo na jina huhesabiwa aibu ya mtu mmoja mmoja. Lilipopata jina, waganga wa nchi mbalimbali waligundua kwamba wanasema juu ya jambo lile lile, wakaanza kulinganisha njia zao.

Rees na Aston walifahamu kwamba kuongeza ukubwa peke yake hakutoshi. Ukiusukuma mfuko uliofungwa kamba, utatuna mbele zaidi. Ni lazima kamba ikatwe. Basi walilipasua titi upande wa nyuma, kwa mikato inayotawanyika kama spoki za gurudumu la baiskeli, ili lipate kulala kwa upana.

Wengine wakafuata. Mwaka 1990 Wamarekani walieleza namna ya kuikunjua nyama ya titi lenyewe na kuishusha ijaze upande wa chini. Mwaka 2003 waganga wa Ugiriki walieleza namna ya kuikata pete na kuigawa nyama ile iwe kama nguzo mbili, kisha kuzipanga upya. Hapa linarudi lile somo la damu la East Grinstead: nyama haitengwi kabisa na mwili, inaachwa imeshikamana mahali fulani, isije ikafa. Katika mwaka ule ule wa 1990 Mfaransa Louis Benelli alieleza mshono unaozunguka weusi wa chuchu na kukazwa kama uzi wa mdomo wa mfuko, na kwa njia hiyo weusi uliotanuka hupunguzwa.

Titi likiwa dogo sana, nyama yake haitoshi. Hapo daktari huweza kutia mfuko wa silikoni. Mifuko hii ilianza kutumika Texas, Marekani, mwaka 1962. Wakati mwingine ngozi hutanuliwa kwanza, kwa mfuko unaojazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kwa muda wa majuma kadhaa. Lakini sikilizeni vizuri: mfuko wa silikoni si wa maisha. Huweza kupasuka, mwili huweza kuuzungushia kovu gumu, na huenda mwanamke akahitaji kupasuliwa tena baada ya miaka. Mwaka 1992 serikali ya Marekani iliuzuia kwa matumizi mengi, ikauruhusu tena mwaka 2006. Tena anayewekewa mfuko huo hana budi kuwa karibu na daktari atakayemwangalia. Kwa mtu wa kijijini hilo si jambo dogo, na mimi ningeliuliza kabla ya kuuliza bei.

Njia nyingine ni kutoa mafuta tumboni au pajani na kuyatia katika titi. Mwaka 1987 chama cha madaktari hawa cha Marekani kilikataza njia hii, kwa hofu kwamba ingeficha dalili za kansa. Ilipofika mwaka 2009 walibadili shauri, baada ya kuchunguza. Mafuta mengine hunyonywa na mwili yakapotea, kwa hiyo mara nyingi kazi hurudiwa.

Operesheni hizi huhitaji dawa ya usingizi, na huacha makovu. Tena watu wenye ngozi nyeusi wengine hupata makovu yanayovimba. Msichana husubiri mpaka matiti yamekwisha kukua. Na asiyeona taabu na umbo lake hana haja ya operesheni, kwa sababu hali hii yenyewe haiui.

Liko jambo moja linalompasa kila mama kulijua: maziwa. Katika matiti mengine yaliyobanwa, tezi zinazotengeneza maziwa ni chache. Wako wanaonyonyesha bila shida, na wako ambao maziwa yao hayatoshi hata wajitahidi vipi. Operesheni haiongezi tezi. Na ikipita karibu na chuchu huweza kukata njia za maziwa. Kwa hiyo mama mwenye matiti ya namna hii amnyonyeshe mtoto mara kwa mara, lakini ampeleke kliniki kupimwa uzito mapema, tangu juma la kwanza. Mtoto aliyepita siku chache za mwanzo hukojoa mara sita au zaidi kwa siku. Akikojoa mara chache, na uzito hauongezeki, mama asilaumiwe kwamba ni mvivu. Mtoto anahitaji kuongezewa chakula chini ya shauri la mganga, na bila kuchelewa.

Mahali pa kuanzia ni karibu: Hospitali ya Wilaya Kilosa, au Mtakatifu Kizito kwa watu wa Mikumi. Operesheni yenyewe ni kazi ya hospitali kubwa. Huko Dar es Salaam, Muhimbili ya Mloganzila ilianza mwaka 2023 kuwafanyia watu upasuaji wa kurekebisha maumbo, wakiwamo wanawake waliopunguzwa matiti. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya Dar es Salaam hupita Kilosa. Ukifika mbele ya mganga usione haya. Mwambie hivi: "Titi langu halikutanuka upande wa chini tangu nilipovunja ungo, na weusi wa chuchu umetokeza mbele." Mganga atalitambua. Kama una mtoto mchanga, mwambie na habari za maziwa siku hiyo hiyo.