Baraza na Ua: Vingunguti katika Ujenzi wa Dar es Salaam

Kila nyumba ya pwani ina baraza na ua. Barazani hutandikwa mikeka, hukaribishwa wageni na husemwa maneno mazuri. Uani hupikwa, hufuliwa na hukusanywa taka. Mwenye nyumba hujisifu kwa baraza lake, lakini nyumba yenyewe huishi kwa ua. Miji nayo ni hivyo. Ina mahali inapojionyesha, na ina mahali inapofanya kazi zake zisizopendeza macho. Historia ya Dar es Salaam haifahamiki sawasawa kwa kutazama baraza peke yake. Wala mjadala juu ya viwanja vikubwa vya michezo na ujenzi mpya wa mitaa hauwezi kuamuliwa kwa haki mpaka ua nao utazamwe.

Vingunguti ni sehemu ya ua huo. Kata hii imo katika Ilala, baina ya barabara ya kale ya Pugu, ambayo sasa yaitwa Barabara ya Nyerere, na bonde la Mto Msimbazi. Viwanda viko jirani, na kiwanja cha ndege hakiko mbali. Hapo pana machinjio yanayoupatia mji kitoweo, na pana mabwawa yanayopokea maji machafu ya mji. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta humo watu zaidi ya 100,000, na sehemu kubwa ya nyumba zao zilisimamishwa na wenyewe, tofali juu ya tofali, pasipo ramani ya serikali.

Kugawanya mji kwa hadhi si jambo la jana. Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, na mwaka 1891 Wajerumani waliufanya makao makuu ya utawala wao badala ya Bagamoyo. Waingereza walipotawala baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mgawanyo wa watu kwa rangi uliimarishwa: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini penye maduka, na Waafrika Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa vita. Baina ya Uhindini na Kariakoo liliachwa eneo tupu la Mnazi Mmoja, ili watu wa pande mbili wasikaribiane. Lakini ardhi haikubali siku zote nia ya aliyeichora. Katika miaka ya 1950 eneo hilo lililowekwa ili kutenga watu lilikuwa mahali pa kuwakutanisha, kwa kuwa hapo na Jangwani ndipo TANU ilipofanya mikutano yake ya hadhara. Kwa hiyo uwanja ulio wazi si anasa ya mji. Watu wasio na kumbi huwa na viwanja.

Uhuru ulipokuja mji ulikuwa unakua kwa kasi. Hesabu ya mwaka 1957 ilionyesha watu 128,742. Ya mwaka 1967 ilionyesha watu 272,821. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na moja ya kazi zake ilikuwa kuvunja vibanda na kujenga nyumba imara mahali pake, kama ilivyofanyika Magomeni. Nia ilikuwa njema, ila hesabu yake ilikuwa na kasoro: nyumba mpya iliyosimama juu ya kifusi cha nyumba nyingine ilibadili paa, haikuongeza paa, na wageni wa mji walizidi kila mwaka. Mwaka 1968 wataalamu kutoka Kanada walitoa mpango mkuu wa mji. Watu nao walikuwa na mpango wao, wa kununua kipande cha shamba kwa mwenyeji na kujenga. Mwaka 1972 serikali iliamua kwamba mitaa ya namna hiyo itengenezwe badala ya kubomolewa, na baada ya miaka miwili kazi ilianza Manzese kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Hapo ndipo dola ilipokiri kuwa nyumba ya mnyonge, hata isiyo katika ramani, ni mali na si uchafu.

Hata hivyo kukiri si kutenda. Ng'ambo ya Msimbazi, mkabala na Vingunguti, iko Tabata. Kwa miaka mingi taka za mji zilimwagwa huko na kuchomwa, na moshi wake uliwaingia watu vifuani. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu, na Jaji Lugakingira akaamua kwamba mji hauna ruhusa ya kuhatarisha afya za watu wake. Ulikuwa ushindi mkubwa wa raia wa kawaida. Lakini jaa halikutoweka, lilihama. Lilikwenda Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakashitaki, nao wakashinda. Kisha, katika miaka ya 1990, likaletwa Vingunguti. Mambo haya yana funzo zito. Haki iliyopatikana mtaa mmoja iligeuka kuwa mzigo wa mtaa mwingine, kwa sababu swali lililojibiwa lilikuwa taka zisiwekwe wapi, wala si mji utazifanyaje taka zake.

Sasa na tulitazame baraza. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Tanganyika ilipandishwa katika uwanja ambao siku hizi waitwa Uwanja wa Uhuru. Kando yake, katika Temeke, baina ya mwaka 2005 na 2007 ulijengwa kwa msaada wa China uwanja wa watu 60,000, na mwaka 2020 ukapewa jina la Benjamin Mkapa, Rais aliyeuasisi, baada ya kufariki kwake. Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilikabidhiwa uandalizi wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na mazungumzo ya viwanja yakapamba moto upya.

Wapo wasemao kwamba nchi yenye mahitaji mengi ya maji na mifereji haina haki ya kujenga viti 60,000 vya kutazamia mpira. Wapo wajibuo kwamba mwanadamu haishi kwa mkate tu. Kwamba Simba na Yanga zikikutana, mchukuzi wa Vingunguti na mwenye gari la fahari hupiga kelele moja. Na kwamba uwanja huleta kazi kwa mjenzi, mama lishe na dereva. Pande zote mbili zina kweli. Mtu wa uani naye hupenda kukaa barazani, na kumwambia kwamba furaha si yake mpaka mifereji yote ikamilike ni kumdharau mara ya pili.

Basi kosa haliko katika uwanja. Kosa liko katika mizani. Uwanja mkubwa ulisimama kwa muda wa miaka 2 hivi. Wakazi wa Kipawa, majirani wa Vingunguti, nyumba zao zilithaminiwa mwaka 1997 ili kiwanja cha ndege kipanuliwe, nao waliendelea kungoja kwa zaidi ya miaka 10. Muda wote huo hawakuweza kujenga kwa moyo wala kuhama kwa uhakika. Ukuta ulipopasuka walijiuliza kama inafaa kuuziba. Nyumba za zamani za Magomeni Kota zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, na majengo mapya yaliyoahidiwa yalifunguliwa mwaka 2022. Sheria haikukosekana. Sheria ya mwaka 1967 ya kutwaa ardhi haikuihesabia ardhi tupu thamani, lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliamuru fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Katika maneno hayo matatu, lile la mwisho ndilo lililosahauliwa mara nyingi. Fedha inayokuja baada ya miaka 10 hainunui tena nyumba iliyothaminiwa, maana saruji haimngoji mdai.

Lakini Vingunguti yenyewe yaonyesha kwamba njia nyingine ipo. Machinjio yake ya zamani yalilalamikiwa muda mrefu kwa uchafu. Mwaka 2019 ujenzi wa machinjio mapya ya kisasa ulianza papo hapo, kwa mikono ya Shirika la Nyumba la Taifa. Kazi haikuhamishwa mbali na wachinjaji, wachuuzi wa nyama na wauza supu walioizunguka. Iliinuliwa ikiwa mahali pake. Jengo la kazi ya uani lilipewa fedha na heshima ya jengo la barazani, na mtaa haukulazimika kufa ili upendezwe.

Waswahili husema, mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Wachora ramani ni wawamba ngoma, na si ajabu wakavutia upande wanakoishi. Dawa yake ni kuwapo mikono ya upande wa pili. Kabla ya ukuta wa mtu kutiwa alama ya kubomolewa, fidia na iwe mkononi mwake; na kabla ya ramani ya uwanja mkubwa kupitishwa, iulizwe pia ni kiwanja gani kidogo watoto wa mitaa ya jirani watachezea, kwa kuwa mchezaji atakayeijaza fahari hiyo haanzii penye nyasi za kukatwa kwa mashine. Mji uliohesabu watu 5,383,728 mwaka 2022 unahitaji baraza kubwa, wala hakuna wa kuukatalia. Ila wageni watakapokuwa wameketi na kushangilia, chakula chao kitatoka uani, na waliokipika wana haki ya kujua kwamba usiku ule watarudi kulala katika nyumba zao.