Kukimbia na Kukimbilia

Kati ya vitenzi vyote vya Kiingereza, run ndicho chenye maana nyingi kupita vingine. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba Peter Gilliver, mmoja wa watunzi wa kamusi kubwa ya Oxford, alihesabu maana 645, baada ya kushughulika nacho miezi tisa. Kwa Waingereza mto wakimbia, hata pua yakimbia. Si ajabu, maana ndugu yake wa Kijerumani, rinnen, hata leo ni kutiririka. Na mwenye duka “hulikimbia” duka lake. Kwetu sisi maneno hayo yangetufanya tutazame kama mwizi yu karibu.

Kitenzi chetu hakikutanda hivyo. Chazungumza hasa juu ya miguu na hofu. Lakini silabi moja hugeuza safari nzima. “Amekimbia Masisi”, basi ametoka. “Amekimbilia Masisi”, basi ameingia, akitafuta usalama. Siku za vita, mtu anayeletewa habari za mamaye huitegea sikio silabi ile kuliko neno lolote jingine.

L hiyo yatoka wapi? Ni ya kale. Kiswahili kimeidondosha mahali pengi: sisi twasema njaa, katika Lingala husemwa nzala, na Wanyarwanda, kwa R, husema inzara. Katika vitenzi vyetu imejificha tu, kisha hujitokeza: nunua, nunulia, kimbia, kimbilia. Mbele ya i ya mwisho hugeuka Z: anunuaye ni mnunuzi, akimbiaye ni mkimbizi. Hivyo si lazima kulitafuta neno mkimbizi katika kukimbiza, yaani kufukuza. Ingawa, tukisema kweli, wenye kufukuza hawakukosekana kwetu.

Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea Masisi. Watu wapata 250,000 waliacha makwao. Kwa Mkataba wa Geneva wa 1951, mkimbizi ni yule aliye nje ya nchi yake. Aliyetoka Masisi akalala Mugunga, karibu na Goma, ofisi humwita mkimbizi wa ndani, na haki zake zimeandikwa kwingine, katika Mkataba wa Kampala wa 2009. Mama mwenye godoro kichwani haoni tofauti hiyo, wala kitenzi hakiioni.

Kitenzi hicho hicho kimetupa jina kimbilio. Katika Litania twamwita hivyo Bikira Maria kwa ajili ya wakosefu. Na vita vikija, jina hilo huwa la darasa la shule, ua wa parokia, au nyumba ya jirani.

Mwisho wa Januari 1925 na 100, yaani 2025, Goma ilitekwa, na mwezi uliofuata kambi zilizoizunguka zikavunjwa. Mwezi wa Machi mapigano yalifika Walikale mjini, wenyeji wakaingia msituni. Wako waliokuwa wamekwisha kuikimbia Masisi, wakakimbilia Goma, kisha wakaikimbia na Goma.