Kinyago cha Obito na Maficho ya Oday Biiqe

Usiku aliozaliwa Naruto, mhusika mkuu wa manga yenye jina lake, mtu aliyefunika uso alipenya ulinzi mkali, akamteka mama aliyetoka kujifungua, akamfungua Mbweha wa Mikia Tisa aliyefungiwa ndani ya mama huyo na kumwachilia juu ya kijiji cha Konoha. Baadaye mtu huyo alijiita Uchiha Madara, shujaa wa kutisha aliyeaminika kufa zamani. Ilipofika sura ya 599, mwaka 2012, Masashi Kishimoto, mtunzi wake, alikivua kile kinyago. Chini yake alikuwa Obito, mwanafunzi wa Minato, baba yake Naruto. Tangu hapo wasomaji wengi wamedai kwamba hadithi imetoboka. Usiku ule Obito alikuwa kijana wa miaka 14 hivi, ilhali aliyeonekana ni mtu mzima. Tena Minato alipigana naye ana kwa ana. Mwalimu atakosaje kumtambua mwanafunzi wake?

Nashikilia kwamba Kishimoto hakuteleza hapo. Aliyeteleza ni Minato, kwa swali alilojiuliza, na kuteleza huko kuna sababu. Sababu hiyo inaonekana vizuri zaidi tukiisoma Naruto pamoja na masimulizi ya Wasomali, yale yanayosikika Garissa, Wajir na Mandera.

Chukua kisa cha malkia Araweelo. Inasimuliwa kwamba aliwahasi wanaume wa nchi yake ili asibaki wa kumpinga. Mmoja tu alimponyoka, mzee Oday Biiqe, akajificha. Malkia alipowatwisha watu mafumbo na kazi zisizowezekana, walimwendea mzee kwa siri, kisha wakarudi na majibu. Wasimulizi hutofautiana kuhusu mafumbo yenyewe, na pia kuhusu mwisho wa malkia. Lakini katika masimulizi mengi, majibu yanapozidi kuwa sahihi, Araweelo anang'amua kwamba nyuma ya watu wake yupo mwanamume aliyesalimika. Hajamwona uso wala hajasikia sauti yake. Amepima ujuzi uliomo katika majibu, akajiuliza ni nani awezaye kuwa nao.

Minato alikuwa na ushahidi wa aina hiyohiyo. Adui alijua mahali pa siri alipojifungulia Kushina, mama yake Naruto. Alijua kwamba muhuri unaomfunga Mbweha hulegea mwanamke anapojifungua. Aliweza kumtawala Mbweha mwenyewe. Minato alipojumlisha hayo, jina lililomjia ni Madara, kwa kuwa ndiye aliyesifika kwa nguvu kama hizo. Alijiuliza ni nani mwenye uwezo huo, wala hakujiuliza ni nani aliye karibu kiasi cha kujua. Obito hakuwamo katika hesabu yake, maana alikwisha kuomboleza kifo chake na jina lake lilichongwa kwenye jiwe la mashujaa waliofia vitani.

Uongo wa Obito nao ulikuwa umejengwa juu ya ukweli. Kwa Wasomali wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya, mtu hujulikana kwa abtirsi, orodha ya mababu ambayo mtoto huikariri tangu utotoni. Orodha hiyo huanza na jina lake mwenyewe, halafu la baba, halafu la babu, mpaka ifike kwenye ukoo. Mtu wa kinyago aliruka mwanzo wa orodha. Ukoo aliutaja kwa haki, maana jicho lake la Sharingan lilimthibitisha kuwa Uchiha. Jina lililopaswa kuja kwanza ndilo alilolibadilisha, na hata hilo hakuliokota njiani: Madara, kabla ya kufa, alimkabidhi Obito jina lake alitumie mpaka yeye afufuliwe. Aliyetosheka na ukoo alidanganyika.

Wakati huohuo Kishimoto aliacha dalili nyingine wazi. Kinyago kina tundu la jicho la kulia tu, na Obito ndiye aliyempa mwanafunzi mwenzake Kakashi jicho la kushoto. Vitu vinavyomezwa na jicho la Kakashi huishia katika anga lilelile analolitumia adui, kwa kuwa macho hayo ni jozi moja. Kuhusu kuonekana mtu mzima, nywele ndefu zilimwota Obito akiuguzwa pangoni baada ya kudhaniwa amekufa vitani. Nusu ya mwili wake, iliyopondwa na mwamba, ilijengwa upya na Madara. Kimo peke yake ndicho ninachokiona kuwa deni la mchoraji: mwili wa kuundwa unakieleza kwa kiasi, haukielezi chote.

Linabaki swali la mwalimu, na hapo tushuke na Mto Tana, unaopita Garissa na kumwaga maji yake baharini Kipini. Huko Waswahili humsimulia Fumo Liyongo, shujaa asiyedhurika kwa silaha. Mwanawe anatumwa na maadui akamuulize baba yake ni kitu gani kiwezacho kumuua. Liyongo anatambua kwamba kijana amehadaiwa, na bado anamjibu: sindano ya shaba kitovuni. Wengi huona hilo nalo ni pengo: mtu mwerevu hujitoaje mhanga hivyo? Lakini anayeuliza ni mwanawe, na Liyongo hawezi kumfanya adui hata anapouona uadui mikononi mwake.

Tukiwaweka watatu hawa pamoja, mpangilio unajitokeza. Araweelo, asiyempenda mtu, ndiye anayekisia vizuri kuliko wote, kwa sababu kwake kila mtu ni mshukiwa. Liyongo anapenda, anaona, na hajikingi. Minato anapenda kiasi kwamba haoni kabisa. Kumshuku Obito kungemlazimu kwanza amkubali kijana huyo kuwa hai, kisha amkubali kuwa mwuaji. Hadithi ingetoboka kweli kama angemtambua mara moja, maana tungeambiwa kwamba mwalimu aliyemlilia mwanafunzi wake alikuwa na jicho la Araweelo. Anapofufuliwa na kuuona uso ule vitani, Minato anamtambua Obito, na anaumia kwamba hakumjua usiku ule. Maumivu hayo yasingekuwa na maana kama kutomjua kungekuwa kosa la kalamu.